Hakuna Kilichopatikana

Saa nane usiku, Northampton. Zamu imeisha,
mikono bado inanuka katoni za ghala.
Hilali kaniachia kompyuta wazi mezani
na kikaratasi: Mama, andika hapa,
bofya hapa, usiguse kingine.

Nikaandika Subira.
Gurudumu likazunguka, kisha likatema
Subira ya mishumaa, Bournemouth,
Subira ya ushauri wa kodi,
Subira mbili za yoga.
Nikacheka peke yangu jikoni:
subira huvuta heri, na heri imekwisha kuvutwa yote.

Nikajaribu Nyota. Ikaniuliza kwa adabu
kama nilikusudia neno jingine.
Nikajaribu Malkia wa Sindano, nikaona haya mwenyewe.
Nikajaribu Uzi, nikatia nukta, nikaongeza "na Wenzake",
lakini rejista haidanganyiki.
Huvua nukta, huvua viunganishi,
hulipekua neno hadi kwenye mzizi
kama afisa wa uwanja wa ndege na begi la mgeni.

Ndipo nikaandika jina la mama.
Mwanakombo.
Sikutarajia kitu. Nani huku angelijua?
Lilikuwepo. Mstari mmoja tu:
Mwanakombo, mapishi ya sherehe, Slough,
ilisajiliwa Machi, ikafutwa Februari.
Miezi kumi na moja.
Nililikodolea macho lile "ikafutwa" hadi chai ikapoa.
Kumbe yuko mtu, au alikuwako,
aliyevuka na jina lile lile mdomoni,
akalijaza kwenye fomu, akalilipia,
akanunua sufuria kubwa, labda, na aproni tatu.
Sheria inasema jina sasa ni huru, ningeweza kulitwaa.
Lakini kanzu ya marehemu haivaliwi na mpita njia,
na nguo ya kuazima, mama mwenyewe akisema,
haisitiri matako.

Duka lenyewe ni dogo, Barabara ya Kettering,
limebanwa na kinyozi na muuza simu.
Alikuwa nalo Bwana Eddowes, fundi viatu,
miaka thelathini na minane.
Juu ya mlango wamepaka rangi mara mbili
na herufi zake bado zinachungulia,
zile D mbili hasa,
zimenuna chini ya weupe.
Nitashona pale zipu, pindo, mikono mirefu ya makoti,
kwapa zilizochanika za wenzangu wa ghalani.

Nikaikumbuka sketi yangu ya shule, Pangani,
kiraka cha kijani juu ya buluu,
maana kijani ndicho kilichokuwepo,
na nilivyoingia darasani kinyumenyume wasinione.
Mama alikishona kwa mishono midogo kama ufuta.
Sketi ikachakaa yote. Kiraka kikabaki.

K, i, r, a, k, a.
Gurudumu. Gurudumu.
Hakuna kilichopatikana.

Maneno hayo nimeambiwa sana nchi hii:
kuhusu nyumba, kuhusu vyeti vyangu,
kuhusu barua niliyoituma kwa mkono wangu.
Leo ndiyo mara ya kwanza yameniinua kitini.

Hilali akatokea na blanketi begani, jicho moja limefumba.
"Linamaanisha nini?"
Nikamgeuza kwenye taa, nikamwonyesha
goti la suruali yake ya kulalia.
"Hiyo? Duka utaliita hiyo?"
"Hicho," nikamsahihisha. "Kiraka ni hicho."

Ada sijalipa. Mshahara ni Ijumaa.
Nimelala kidogo, nimeamka kabla ya kengele,
na kabla ya kunawa uso nimeandika tena
herufi zile sita, nione
kama kuna mjanja aliyeniwahi usiku.

Hakuna.
Bado hakuna.