Jedwali Moja

Mashine ilipanda Newala juu ya lori la magunia matupu,
mtumba, herufi zimefutika kwenye vitufe,
ikawekwa ofisi ya chama, chumba cha mizani,
na kwa kuwa mimi ndiye niliyemaliza kidato cha nne
nikakabidhiwa.

Siku ya pili nikafungua madirisha mawili:
huku hesabu za korosho, kule picha ya mama,
iliyokuja kwenye disketi, kajifunga kanga ya njano.
Nikabonyeza hesabu.
Mama akageuka kijani. Meno zambarau.
Nikarudi kwake, akawa mzima,
ila hesabu sasa zina rangi ya ini.

Nikasema, mashine ina wazimu.
Akaja Somoe Nambunga, fundi kutoka Mtwara mjini,
bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.
Hakulegeza hata skrubu moja.
“Picha haina rangi,” akasema. “Ina namba tu.
Nukta hii inasema arobaini na moja, basi, imenyamaza.
Arobaini na moja ni rangi gani? Kaulize jedwali.
Jedwali liko ndani ya kadi, na ni moja,
vyumba mia mbili hamsini na sita, havizidi.
Dirisha lililo mbele ndilo linaloandika humo.
La nyuma linasomewa daftari la mwenzie.”

Nikatazama ghalani.
Kila gunia lina namba ya wino, halina jina.
Jina liko kwenye leja.

Gunia la mama lilikuwa kumi na tisa.
Lilikaa palepale, hata panya hakulitoboa.
Karani mpya alikuja na leja mpya
na kumi na tisa ikawa ya Bwana Chilumba.
Mama aliita namba yake mbele ya dirisha la malipo
mpaka likafungwa.

Mwezi wa kumi Somoe akarudi na kadi nyingine,
kaifunga kwenye gazeti kama samaki mkavu.
“Hii ina majedwali manne. Kila dirisha litasoma lake.”
Akapuliza vumbi, akachomeka.
Hesabu zikabaki na weupe wake,
mama na njano yake, bega kwa bega,
hakuna aliyemvua mwenzie.

Nilimpa chai na muhogo.
Hakuniuliza kwa nini niliendelea kubonyeza,
huku, kule, huku,
hadi jenereta ilipokohoa ikazima
na madirisha yote mawili yakawa meusi.