Paspoti Saizi

Kitambaa cha buluu nimekitundika kwa misumari minne
nyuma ya duka la vipuri la Shaame, hapa Wete,
na mbele yake kigoda kimoja.
Mwaka wa thelathini na moja huu wanakaa hapo,
mmoja mmoja. Inua kidevu. Mtandio usizibe paji.
Usicheke. Usinune.

Mwezi wa vitambulisho vya pensheni wanakuja wa sabini.
Natoa picha zao za zamani kwenye bati la biskuti,
naziweka kando ya mpya: huyu ndiye yule?
Kompyuta ya wilaya nayo huuliza hilohilo,
na mara nyingine hukataa.

Ilimkataa Kombo Mbarouk.
Mwaka tisini na tisa taya lake lilikuwa na pembe, kama kibiriti;
leo uso duara, shavu limepanda hadi chini ya jicho.
Barazani wakamwambia: "Umenawiri, mzee!
Mwanao wa Maskati anakutunza."
Akapokea sifa.
Mimi nilitazama mikono: myembamba,
ngozi kama karatasi ya sigara, mabaka ya zambarau.
Vidonge vya magoti, akaniambia,
hununua bila cheti, mwaka wa sita huu.
Magoti yamekubali. Uso ndio unaolipa.

Wengine huingia bonde pande za paji,
mfupa wa shavu ukachomoza
kama kona ya meza chini ya kitambaa.
Watu husema: ana deni. Mke mdogo kamlisha kitu.
Huenda ni sukari. Huenda ni meno tu yameisha.
Sijui. Mimi hupima kwa rula,
kidevu hadi utosi, milimita thelathini na mbili,
na rula haijasomea udaktari.

Bi Mize Faki alikuja asubuhi, wanja bado mbichi.
Chini ya macho vifuko viwili vimejaa maji.
"Nisafishie hapa," akagusa kwa kidole.
"Adhuhuri hushuka. Asubuhi hurudi. Sijui nalaliaje."
Nikamsafishia. Nina mkono mwepesi kwa kazi hiyo:
nilibofya mara nne, tano,
na Bi Mize akarejea kwenye arubaini na tano yake.
Alicheka mpaka akakaa tena kitako.
Aliniongezea elfu moja na mfuko wa shokishoki.

Baada ya miezi saba alikuja mwanawe.
Alitaka nakala ya kupeleka ofisini, jina lifutwe.
Alitamka "figo" kama mtu anayetaja mtaa asioujua.
Nikampa ile niliyoisafisha.
Ile nyingine, yenye maji, bado ninayo.

Tangu hapo nauliza. Geuka kulia, nasema,
na miguu, inavimba? Usiku unaamka mara ngapi?
Bi Chumu alisimama akachukua mkoba wake:
"Nimekuja kupigwa picha au kupekuliwa?"
Muuguzi Ruzuna naye kanionya nisifanye ramli.
"Wapo waliozaliwa na mashavu yao," alisema.
"Uso hubisha hodi tu.
Wa kufungua mlango ni damu na mkojo."

Jana nilifunga duka, nikakaa mwenyewe kwenye kigoda.
Picha yangu ya tisini na nne niliiegemeza kwenye bati:
kijana mwenye kidevu.
Sasa shingo imekimeza, sijui lini.
Mke wangu, Salhina, husema nakoroma halafu nanyamaza,
naye gizani huhesabu, moja, mbili,
akifika kumi hunipiga teke nivute pumzi.
Nilikuwa nikimcheka.

Kamera nayo niliitegea sekunde kumi.
Taa yake nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka,
nami nimekaa wima, masikio yote mawili yakionekana,
nikihesabu pamoja nayo
kwa sauti ya Salhina.

Sikusafisha kitu.
Nimeikata kwa ukubwa wake, iko mfuko wa shati.
Jumatatu foleni ya presha huanza saa moja.