Moja, Tatu, Nne, Mbili

Ndivyo ipasavyo kuwaka Datsun ya Bi Zuhura Msellem:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili,
tangu mwaka wa sabini na nne alipoitoa dukani
kwa akiba ya mshahara wa Posta na nusu ya mahari yake.

Sasa inachechemea.
Kila alfajiri, kule Kuze, akiiwasha
inakohoa, inashtuka
kama mtu aliyeamshwa kwa jina la mwenzake,
moja, kimya, nne, mbili,
na bomba linatema petroli mbichi ukutani kwa jirani.

Nimebadilisha plagi zote nne.
Nimezisugua pointi kwa msasa, nikapima mwanya
kwa kipande cha pakiti ya sigara.
Nimefungua kabureta, nikapuliza jeti moja moja
hata wali wa mchana ukaninukia petroli.
Na kila aliponiletea gari Shimanzi, saa tano,
jua limeshajikalia juu ya mapipa,
injini ilinguruma kama haijawahi kuugua.

"Haina kitu, Bi Zuhura."
"Haina kitu hapa kwako. Njoo uisikie kwangu."

Nilikwenda kabla hakujapambazuka.
Boneti lilikuwa limelowa kama ngozi ya mwenye homa,
umande wenye chumvi, huu huu
unaokula bawaba za milango na meno ya misumeno.
Akawasha. Nikachomoa waya wa kwanza:
injini ikataka kuzima. Nikaurudisha.
Wa pili, vilevile. Wa nne, vilevile.
Wa tatu nikauchomoa, nikauchomeka, nikauchomoa tena.
Hakuna kilichobadilika.

"Huyo," akasema.
"Nilikaa kwenye ubao wa simu miaka ishirini na tisa,
Bandari na Voi, Voi na Nairobi,
chomeka, chomoa.
Ninaijua sauti ya laini iliyokatika,
na ninaijua laini nzima ambayo mwenyewe hataki kuijibu.
Zima tochi, Chengo."

Nikazima.
Gizani, juu ya kifuniko cha distributa,
uzi wa buluu, mwembamba kuliko unywele,
ulikuwa ukitambaa
kutoka mguu wa tatu hadi kwenye chuma,
tik, tik, tik,
moto uliotumwa silindani
ukipita njia ya mkato na kupotelea mwilini mwa gari.

Ufa.
Usiku unalowa, na cheche zinapata pa kutorokea.
Jua likipanda unakauka, unajifumba,
na injini inamdanganya fundi mchana kweupe.

Ufa ule niliujua.
Mwezi wa Machi, kwenye sevisi ya kawaida,
kifuniko kiliniponyoka, kikagonga saruji.
Nilikiokota, nikakipangusa kwenye suruali,
nikatazama huku na huku.
Kijana wangu alikuwa amekwenda kununua mahamri.
Nikakifunga. Nikaandika: plagi, oili, ufundi.
Nikapokea noti zake, nikazihesabu mbele yake.

"Ni ufa," nikasema.
"Wa tangu lini?"

Moja.
Kimya.
Nne, mbili.

Hakuuliza mara ya pili.
Aliweka kiganja juu ya bodi, akangoja,
kama alivyozoea kungoja mtu wa upande wa pili
ainue mkono wa simu.
Dirisha fulani juu yetu lilifunguliwa, likafungwa.
Petroli ilikuwa ikiungua bure, kwa gharama yake.

"Tangu Machi," nikasema. "Ni mimi. Kilinianguka."

"Haya," akasema Bi Zuhura, "umepatikana,"
akazungusha ufunguo, akazima,
akaingia ndani kuteleka chai.

Saa tatu nilikuwa Magongo,
nimeinamia Datsun isiyo na magurudumu,
nikilegeza kifuniko kizima cha rangi ya kahawa.
Mwenye vyuma akanirushia mfuko niweke.
Nikamwambia la,
hiki nitakibeba kwa mikono miwili.