Kamba ya Kilomita ya Thelathini

Kazi yangu ni kamba.
Kila Februari, siku ya mbio za wanawake,
nasimama penye daraja la Minohama,
upande huu mimi, tarishi mstaafu,
upande ule Bi Utsunomiya wa duka la dawa,
na juu yetu saa yenye tarakimu nyekundu
isiyojua kupepesa.
Zikitimia saa mbili na dakika kumi tangu mlio wa bastola,
tunavuta. Barabara imefungwa.
Aliye nyuma ya kamba, mbio zake ndizo hizo;
basi jeupe linamngoja, na blanketi, na chai ndani ya chupa.

Mwaka ule alikuja Hatakeda Shizue,
namba themanini na nane,
mfanyakazi wa kiwanda cha zipu kule Isahaya.
Niliambiwa alitoka na walio mbele,
bega kwa bega nao hadi kilomita ya kumi,
uso umemwaka kama kaa lililopulizwa.
Nilipomwona mimi, kaa lilikuwa jivu.
Alitokea kwenye kona, mikono mizito,
na nikaona atachelewa kabla yeye hajaona.
Sekunde kumi na moja.

Hakusimama kwa wakati. Kifua kikagusa kamba,
nami nikausikia moyo wake
viganjani mwangu,
ukigonga, ukigonga,
kama mtu aliyefungiwa nje usiku wa theluji.
Akainama. Akasema:
"Samahani kwa usumbufu."
Usumbufu!
Usiku huo sikula.

Nikamwandikia. Miaka thelathini na nane
nimebeba barua za watu, sasa nikatuma yangu:
je, unanichukia?
Jibu likaja kwenye kadi, mwandiko mdogo ulionyooka:
"Zile kumi za mwanzo zilikuwa za mtu mwingine.
Nilizikimbia kwa niaba yake, nikazilipia mimi."

Mwaka uliofuata alipita kwangu mapema,
ametulia, kinywa kimefumba nusu.
Nikashusha pumzi. Haraka mno:
redio ikasema namba themanini na nane
amekaa chini kilomita ya thelathini na tatu,
ameshika ndama ya mguu.

Kisha mwaka mzima wa kimya.
Hakupata muda wa kufuzu.
Mvua ilinyesha, nikavuta kamba mbele ya wanne,
na hakuna niliyemtazama vizuri.
Kadi ikaja Juni:
"Nazunguka uwanja wa magari wa kiwanda baada ya zamu.
Mita mia sita na arobaini. Mlinzi ameacha kunihesabia.
Zamani nilidhani napenda kushinda.
Sasa najua napenda hata mzunguko wa kumi na tisa,
ule usio na kitu."

Nikaisoma shambani, kati ya michenza
niliyoipandikiza mwaka niliostaafu.
Mingine imezaa. Mmoja unanitazama tu.

Juzi Jumapili alipita tena.
Baridi ya kukata masikio; saa mbili kasoro dakika moja.
Alikuwa peke yake, kundi la mbele limeshapotea,
la nyuma bado halijafika,
na hakukuwa na moto wowote usoni.
Viatu tu: tap, tap, tap,
kama mpishi anayekatakata vitunguu akiwaza jambo jingine.
Hakuniona. Nilitaka kumwita, nikameza jina.
Jioni gazeti likamweka wa ishirini na sita,
mstari mwembamba chini ya picha ya mtu mwingine.
Nimeukata mstari huo kwa mkasi.

Lakini kabla ya gazeti kuna hili:
zikatimia dakika, Bi Utsunomiya akaitikia kwa kichwa,
tukavuta.
Akaja binti mwenye namba mia moja na tatu,
nywele zimemganda shingoni, akaifikia kamba
kwa kifua.
Nikausikia tena.

Sikumwambia mengi. Wala ya Shizue sikumwambia;
hadithi ya mwenzio haikupozi
mapafu yanapochomwa na baridi.
Nikamshikisha chenza kutoka mfukoni,
bado lina joto la koti langu.
Akalitazama muda mrefu,
kisha akauliza, bila kuinua macho:
"Ni sekunde ngapi?"
Nikamwambia ukweli.