Nyota Moja

Duka letu la udobi lina mashine nne,
moja hutetemeka kama mzee mwenye homa,
nalo liko juu kabisa ya ngazi mia na kumi na mbili
katika kilima cha Cordillera, Valparaíso.
Mwenye duka ni Bi Eduvigis. Mimi ni mpiga pasi tu.

Herufi za simu kwake ni ndogo kama viroboto,
kwa hiyo kila Jumatatu, kabla hatujafungua,
mpwa wake Eliecer hukaa juu ya kapu la mashuka
akatusomea walichotuandikia watu mtandaoni.

"Nyota mbili. Shati safi, kifungo kimepotea."
"Nyota tatu. Mlangoni wameandika saa mbili, wanafungua saa tatu."
"Nyota moja. Siku niliyokwenda ilikuwa inanyesha."

Wa mvua tulimcheka hadi chai ikapoa.
Wa kifungo tulimtukana.
Bi Eduvigis alisema kifungo kilikuja kimekwisha kulegea,
kwamba kosa la mtu lisianikwe kwenye kamba yake,
kwamba miaka ishirini na sita hakuna aliyempa nyota
wala yeye hakuziomba.
Kisha, jioni, nikamkuta amepiga magoti
akichokoa vifungo kwenye kichujio cha mashine ya pili:
kumi na tisa, na kimoja cha shaba.

Hapo akanyamaza.
Mwenye kuwasha taa huona na vumbi lake.

Kesho yake kulikuwa na chupa mezani,
uzi wa rangi sita, sindano imechomekwa kwenye sabuni.
Ile saa mbili ya mlangoni ikafutwa, ikaandikwa tatu,
maana magoti yake hayafiki kabla ya hapo.

Eliecer, kwa mapenzi, akatuandikia nyota tano
kwa jina la mwanamke asiyekuwepo:
"Mikono ya malaika! Bei ya zamani!"
Shangazi akamwambia afute.
"Sifa ya kujipikia haishibishi," alisema,
"na isitoshe, bei nimepandisha."

Ndipo ikaja ya Baudilio R., Jumatatu ya Agosti,
ukungu umebana madirisha.
Eliecer aliisoma haraka, kama za wengine,
kisha akairudia polepole, bila kuambiwa:

"Nyota moja. Kazi nzuri, hakuna doa.
Shali ya mama ilikuwa ya kijani, ikarudi ya kijani.
Lakini ilikuwa na harufu yake, moshi na limau,
nami sikuwaambia, kwa sababu hamkuniuliza.
Sasa inanukia kama nguo ya mtu yeyote."

Pasi yangu ilikuwa juu ya kola. Nikaiinua.
Mashine ya kutetemeka ikamaliza mzunguko wake, ikatulia.

Kifungo hushonwa. Saa hufutwa.
Hii utaishona kwa uzi gani?
Eliecer akauliza tujibu nini, tumpe punguzo?
Bi Eduvigis akamtazama kama atazamavyo shati lililoungua,
akamwambia aandike maneno manane tu:
"Hukuulizwa. Kosa ni letu. Pole kwa kumpoteza mama."

Hakujibu. Nyota yake ipo bado, peke yake,
na wastani wetu unaibeba kila siku.

Ila tangu hapo, mtu akiweka mfuko mezani,
kabla ya kilo, kabla ya bei, kabla ya jina,
huulizwa: "Kuna cha kuachwa kilivyo?"
Wengi hushangaa. Wengine hucheka: nguo zimeletwa zifuliwe!
Lakini baharia mmoja aliopoa soksi ndogo ya mtoto
akaitia mfukoni bila neno.
Na bibi wa nyumba ya manjano alichomoa foronya,
akaikunja mara nne, akaondoka nayo kifuani
kana kwamba ndiyo aliyokuja kuichukua.

Nyota zimepanda kidogo. Eliecer anajua ni ngapi.
Mimi najua vifungo: chupani vimebaki thelathini na viwili
visivyo na wenyewe,
na kile cha shaba bado hakuna aliyekidai.