Daftari la Muuza Mafuta

Sospello, juu ya Nizza, 1871

Mimi ni muuza mafuta ya zeituni. Kukopesha nakujua.
Ajaye na chupa tupu na maneno matamu
namwandika jina kwanza, ndipo namimina.
Kwa hiyo msinisimulie mambo ya mabalozi
kana kwamba yameshuka na malaika.

Mwaka wa hamsini na tano walimchukua Celestino, mdogo wangu,
wakampakia melini kwenda Krimea
kupigana na Warusi ambao hawajawahi kumnyima hata salamu.
"Tuna ugomvi gani nao?" nikamuuliza karani wa jeshi.
"Hatuna. Wafaransa wanao, Waingereza wanao,
na siku moja tutahitaji wa kutusindikiza hadi Milano."
Mkono mtupu haulambwi, ndivyo alivyotaka kusema.
Celestino hakuona hata kofia ya Mrusi.
Kipindupindu kilimkuta hemani, kikamkausha kwa siku mbili.
Nikaandika, upande wa vilivyotoka:
mdogo mmoja, miaka ishirini na miwili,
mpiga filimbi mbovu.

Baada ya miaka minne deni likalipwa.
Mwanangu Dalmazzo aliwaona Wafaransa bandarini Genova,
suruali nyekundu, mikate makwapani,
wanawake wakiwarushia maua kutoka madirishani
hadi maua yakaisha, wakarusha majani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Alipigana San Martino, siku ya mvua ya mawe,
akaacha vidole viwili vya mkono wa kushoto
katika shamba la mahindi la watu asiowajua.

Lombardia ikapatikana.
Kisha, Julai, mgeni akachoka.
Akaketi na adui yetu chumba kimoja, wao wawili tu,
na Venisi ikabaki palepale ilipokuwa.
Sisi habari tulizipata kwa muuza chumvi.

Na bei?
Bei tulikuwa sisi.
Savoia yenye theluji, na Nizza yenye bahari,
na mizeituni yangu themanini na miwili,
na kaburi la mama.

Aprili wakatuita tuchague. Yaani wakawaita wanaume.
Ngoma, bendera, padri mbele, mstari hadi kisimani.
Karatasi za NDIYO zilifurika kapu.
Dalmazzo akaomba ya HAPANA.
Karani akapapasa mfukoni, akainama chini ya meza,
akachungulia ndani ya kofia yake mwenyewe.
"Zimekwisha."
"Saa mbili asubuhi?"
Akarudi nyumbani, akang'oa ukurasa wa daftari hili
(ndio huu uliochanika, tazama),
akaandika kwa mkono uliobaki na vidole vyote.
Kama uliingia sandukuni, sijui.
Wiki ileile alivuka milima na sanduku la mbao
kutafuta nchi aliyoipigania.

Baadaye wakapata rafiki mwingine, Mprusi.
Alishinda kaskazini; sisi, niseme wao, wakapigwa Custoza,
na Venisi ikaja vilevile,
ikipitia mikononi mwa Mfaransa kwanza,
kama sahani inayozungushwa mezani.
Mwaka jana marafiki hao wawili wakashikana koo,
walinzi wa Kifaransa wakaondoka Roma,
na Roma ikaangukia walioingoja.
Siku kengele zilipolia huko,
mwanangu wa pili, Onorato, mwenye sare ya Ufaransa
aliyovishwa na mkataba,
alikuwa mateka Ujerumani, akila maganda ya viazi.
Nifurahi kwa tumbo moja, nilie kwa lipi?

Nimesema najua kukopesha.
Hili sijui niliandike upande gani.

Jana nilimpelekea Dalmazzo mtungi wa mafuta.
Mpakani afisa wa forodha, kijana mwenye chunusi,
akataka ushuru, akachovya kidole.
"Haya ni mafuta ya Ufaransa, mama?"

Nikamwambia: onja kwanza.