Mwizi Aliyefagia Ghala

Kambini Tapa, reli za Estonia zinapokutana
na theluji kuangukia mabehewa bila kuuliza yanakwenda wapi,
Sajenti Leelo Rannap alikuwa zamu ya usiku,
na tatizo lake lilikuwa hili: hapakuwa na tatizo.

Kwa miaka miwili buti za namba arobaini na sita
zilikuwa hazihesabiki. Ukiandika sitini, mfumo unasoma sita.
Tuliandika barua. Makao makuu wakajibu: tumepokea.
Tukaandika tena. Tumepokea.
Vijana wa miguu mikubwa wakazoea kukunja vidole.

Usiku huo sitini ilisomeka sitini.

Leelo akaweka kikombe chini.
Akaandika mia. Mia.
Akampigia simu Urmas wa mitambo, akamwamsha:
"Nani ametengeneza ghala?"
"Hakuna. Bajeti ilikataliwa."
"Basi kuna mtu ndani."

Ndivyo alivyonaswa: si kwa king'ora,
si kwa skrini nyekundu za sinema.
Alinaswa kwa wema wake.
Aliingia tangu Mei kwa nywila ya koplo mmoja
(koplo huyo ni mimi),
jina la mbwa wangu, Pontu, na mwaka aliokufa.
Akasoma dizeli, mkate, safari za malori,
makundi ya damu, nani yuko likizo, nani amelazwa.
Miezi saba! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alijitwalia jembe mwenyewe,
akalima gizani, akang'oa hata magugu yetu
kwa sababu, nadhani, yalimkera.

Kulipokucha msemaji akasimama Tallinn mbele ya kamera,
karatasi haitetemeki, tai imenyooka:

    Taarifa ya wizara, inatolewa bayana,
    Hatukupata hasara, ulinzi ni wa maana,
    Tutajibu kwa busara, kwa njia za kulingana,
    Raia pasi papara, laleni, tutaonana.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nani alale?
Lakini vina vilikaa. Serikali ikiogopa huhesabu mizani.

Balozi wa nchi ambayo wizara haikuitaja
(nami sina cheo cha kuitaja)
aliitwa, akapewa kiti, akanyimwa biskuti.
Makatibu wake wawili wakafukuzwa.
Wiki iliyofuata wawili wetu wakafukuzwa kule,
mmoja wao Bi Helve, ambaye mwanawe
ndiyo kwanza alikuwa amejua kuteleza kwenye barafu ya mto wao.
Begi kwa begi.
Inasemekana vijana wetu nao walitumwa
kubisha kwenye milango ya mbali. Sijui.
Niliwaona tu bwaloni, macho mekundu,
wakinywa supu bila kuzungumza.

Mimi nilihojiwa saa nne.
"Kwa nini mbwa?"
Nikasema mlituagiza tuchague kitu tusichoweza kusahau.
Meja Kuusik akaandika, akakata, akaandika tena.
Hakuniuliza Pontu alikufaje.

Kisha amri: futeni vyote, rudisheni nakala ya Aprili,
nakala safi, kabla mgeni hajakanyaga.
Leelo akairudisha, mstari kwa mstari, siku mbili bila usingizi,
na Aprili ikaja na vyake vyote.
Sitini ikawa sita.

Akaripoti. Akaeleza kosa lilipo, na kwamba adui
alilirekebisha kwa mistari minne tu, na mistari anayo.
Jibu lilifika haraka kuliko yote tuliyowahi kupata:
msimbo wa adui hauruhusiwi.
Mfumo umerejea katika hali yake salama.

Jana ameletwa kuruta kutoka Saaremaa,
Oskar fulani, mpole, anainama mlangoni.
Namba? Arobaini na sita.
Leelo akatazama skrini, akanitazama,
kwa kitambo hakuna aliyesema kitu,
na najua tulikuwa tunamfikiria mtu yuleyule,
asiye na uso, mwenye kuchukia kazi mbovu.

Akampa za arobaini na nne
na soksi nyembamba.